Kadi Mbovu Zisihesabiwe

Mwezi uliopita tulimzika Salome makaburini Kinondoni, na kabla jeneza halijashushwa kijana mmoja wa ukoo alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Ulikuwa mrefu, kama ilivyo desturi: alizaliwa Upareni, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto sita, akaimba kwaya, akawa mwenyekiti wa akina mama wa usharika, sukari ikamwanza, miguu ikafuatia. Mwaka wake wa Temeke ulipewa nusu ya sentensi. "Alipitia mafunzo ya ualimu kwa muda mfupi," alisoma kijana, akageuza karatasi. Kwa muda mfupi! Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wazee wenzangu, na hasira ilinipanda mpaka masikio yakapata moto. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba huyu mnayemfukia alikuwa mwalimu kuliko sisi sote tuliopewa vyeti. Nikanyanyuka nusu, goti likagoma, na mjukuu wangu akanishika kiwiko akaninong'oneza, "Babu, unataka kwenda msalani?" Nikakaa. Mchungaji akaendelea, udongo ukamwagwa, na mimi nikarudi nyumbani na maneno yangu tumboni. Basi ndiyo hayo ninayoyaandika.

Mwingereza alikuwa bado yupo, na Temeke ilikuwa mikorosho, mihogo na nyumba za udongo zilizotawanyika. Katikati ya hayo palikuwa na chuo chetu kidogo cha walimu, na ubavuni mwake shule ya mazoezi, na nyuma ya shule hiyo jengo moja refu la mbao lililoezekwa mabati. Kwenye barua rasmi jengo hilo lilikuwa na jina refu, idara ya mafunzo ya walimu na uchunguzi wa masomo, lakini kila mtu aliliita Mabati tu. Neno "mtaala" hatukuwa nalo bado; tulisema muhtasari. Ndani ya Mabati ndimo muhtasari wa nchi nzima ulimopikwa, ndivyo tulivyoambiwa, na sisi tuliochaguliwa kufanya kazi mle tulijiona tumeushika mwiko wenyewe. Palikuwa na joto la kukaushia samaki. Palikuwa na meza tatu, kabati la chuma, mashine ya kurudufu iliyotupaka wino mpaka kwenye kola, na ukuta wa mbao nyembamba uliotenganisha chumba chetu na chumba cha Mzungu wetu. Huyu tulimwita Bwana Dakika, kwa sababu alitembea na saa ya kuhesabia iliyoning'inia shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu wasomaji wa siku hizi wakisikia Mzungu wa mkoloni wanangoja kiboko. Yule hakuwahi kuinua hata sauti. Alijua majina yetu yote, na mimi nilipougua malaria aliniletea machungwa.

Jaribio la mwaka ule lilikuwa la kusoma. Watoto wa zamani tulifundishwa kwa silabi, ba be bi bo bu, tukiimba kama chuo cha Kurani kwa maalimu. Bwana Dakika na wakubwa zake waliona huo ni ukasuku. Njia mpya ilikuwa kumwonyesha mtoto neno zima kwenye kadi pamoja na picha yake, jogoo na neno "jogoo" chini yake, jembe na neno "jembe", mpaka macho yazoee umbo la neno. Darasa la kwanza la shule ya mazoezi likatengwa kwa kazi hiyo, watoto thelathini na sita, na ikapigwa marufuku mtu yeyote kuwafundisha silabi mwaka mzima, jaribio lisije likachafuka. Mwalimu wao akawa Salome, mmoja wa wanawake watatu tu waliokuwa chuoni kwetu, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watoto wanyamaze ili waisikie. Mimi nikafanywa mtazamaji. Mtazamaji alikaa nyuma kwenye kibenchi cha watoto, magoti yakigusa kidevu, na jedwali mapajani. Kila kadi ikiinuliwa, aliandika herufi moja kwenye kisanduku: S kama watoto wamesema sawa, K kama wamekosea, N kama wamenyamaza. Alikatazwa kusema, kutabasamu, kutikisa kichwa na kumsaidia mtoto. Na palikuwa na sharti la mwisho, limepigwa chapa chini kabisa ya ukurasa: kadi mbovu zisihesabiwe. Maana yake kadi iliyochanika au kulowana iwekwe pembeni, kisanduku chake kipigwe mstari. Niliona ni sharti la haki. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijivunia majedwali yangu kuliko hata nilivyojivunia viatu vyangu, na viatu vyangu nilivipenda sana.

Salome alipanga kwa Bi Tatu, mjane wa Kizaramo mwenye nyumba ya vyumba vinne karibu na kisima, na kwa kuwa chakula cha chuo kilikuwa ugali na maharage yenye fukusi, Jumamosi mchana nilikuwa najipeleka huko. Bi Tatu alipika mihogo ya nazi na samaki wa ng'onda, akatuandalia ukumbini kwenye mkeka, yeye mwenyewe akakaa mlangoni akichambua mchele na kuchambua watu. "Nyie walimu mna maneno," alikuwa akisema. "Mnamtazama mtoto mwaka mzima mkiandika. Mie kuku wangu akiumwa simwandiki, namtafutia dawa." Salome alicheka mpaka akafunika mdomo kwa upande wa kanga. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa Mlutheri wa milimani, aliyesali kabla ya kunywa hata maji, na mimi Mwislamu wa Buguruni nilimngoja amalize ndipo nimege. Nitasema na hili liishe: nilimpenda. Sikumwambia, na hakuna kisa hapo. Nalisema ili ijulikane kwamba yote niliyoyafanya baadaye niliyafanya nikiwa nampenda, na hayakumsaidia kitu.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. Kadi iliinuliwa, darasa zima likapaza sauti, "Jogoo!" Nami nikaandika S. "Jembe!" S. Majedwali yangu yalijaa S kama shamba lililopandwa kwa kamba. Aliyeongoza alikuwa msichana mmoja aitwaye Mwajuma, binti wa mchukuzi wa sokoni Buguruni, aliyekaa mbele kabisa na kujibu kabla kadi haijasimama sawasawa. Bwana Dakika alikuwa akija kuchungulia dirishani akitabasamu. Kisha wakaingia mende. Picha zile zilikuwa zimebandikwa kwa uji wa ngano, na mende wa Temeke wakagundua kabati la shule ya mazoezi. Jumatatu moja Salome alifungua boksi akakuta picha kadhaa zimeliwa gundi, zimebanduka, zimebaki kadi zenye neno tupu. Akainua mojawapo bila kuiangalia vizuri. Ilikuwa "mbuzi", neno walilokuwa wamelisema mara mia. Darasa likawa kimya. Nilisikia mbuzi wa kweli akilia nje. Salome akaiangalia kadi, akawaangalia watoto, akamwelekea Mwajuma. "Mwajuma, soma." Mtoto akainamisha kichwa upande mmoja, akaitazama kadi kwa heshima zote. "Mwalimu," akasema, "hii haina kitu."

Salome akainua nyingine isiyo na picha. Kimya. Akainua ya jogoo yenye picha yake nzima. "Jogoo!" wakapiga kelele, wakafurahi kwamba mambo yamerudi. Nilielewa papo hapo, kama alivyoelewa yeye. Tuliangaliana juu ya vichwa thelathini na sita. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa akisoma. Walikuwa wakitazama picha na kutaja wanyama wanaowajua tangu wanajua kusema. Kisha nikatazama jedwali langu, kalamu mkononi, nikafanya kile ambacho nimekikumbuka maisha yangu yote. Kadi ile ilikuwa imeharibika. Sharti lilikuwa wazi. Nikapiga mstari kwenye kisanduku. Na ile nyingine, mstari. Na ya jogoo, S.

Usinielewe vibaya, sikuficha kitu. Nilifuata sharti, na ubaya wenyewe uko hapohapo. Wiki zilizofuata Salome akaanza kufunika picha kwa kiganja, siku moja moja, kuona kama wangeanza kulitazama neno. Hawakutazama. Baada ya kipindi nilimwendea Mwalimu Petro, mkufunzi wetu mkuu, mzee wa suti ya kaki aliyekuwa amesubiri miaka mingi kupata cheo kile, nikamwuliza kadi iliyofunikwa ina herufi gani. "Picha inaonekana?" Haionekani, nikasema. "Basi ni kadi mbovu. Piga mstari." Salome naye alikwenda kwake kwa miguu yake na kumweleza yote. Petro akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Binti, mtoto hutambaa kabla ya kutembea. Wape muda, na ufuate mpango." Akaongeza kwamba kufunika kadi ni kwenda nje ya mpango, na kwamba kwa mara hii ya kwanza hatamwandikia barua ya onyo kwa sababu anamheshimu baba yake ingawa hamjui.

Siku ileile, mchana, nikiwa narudufu karatasi, nilisikia mazungumzo ya chumba cha pili. Ukuta ule haukuzuia hata kikohozi. Petro alikuwa anazungumza kwa kusitasita. Nadhani, na namshukuru kwa hilo, alikuwa anajaribu kufikisha maneno ya Salome. Bwana Dakika akajibu kwa Kiswahili chake cha kitabuni, polepole, bila hasira. "Mwalimu Petro, vitabu vimekwisha kupelekwa kwa mpiga chapa. Ripoti inatakiwa kufika kabla ya mvua. Kama kungekuwa na tatizo, majedwali yangelionyesha." Halafu nikasikia karatasi zikifunuliwa, na nilijua ni zangu kwa mlio wa pini niliyozibana. "Tazama. Kijana huyu ni mwangalifu sana." Nilisimama pale, mkono kwenye mpini wa mashine, na aibu ya kusifiwa.

Jumamosi iliyofuata Salome hakula. Alikuwa amepewa somo la mwisho, mbele ya wageni wawili wa ofisi ya elimu mjini, na baada ya somo kungekuwa na kikao cha ukosoaji. Ambaye hakupitia vyuo vya zamani hajui kikao hicho. Mwalimu mwanafunzi alifundisha, wakufunzi na wenzake wakakaa nyuma na madaftari, kisha wakamkosoa mmoja baada ya mwingine: kwanza mema matatu, halafu makosa. Yeye alisimama kando ya ubao mikono nyuma. Haruhusiwi kujibu wala kueleza, hata kama wanamsingizia. Mwisho wa yote anasema maneno matatu tu, "Asanteni kwa kunikosoa", na anatoka. Tuliambiwa hiyo ndiyo inayojenga adabu ya mwalimu.

"Nitaonyesha kadi zisizo na picha," Salome akasema, akisogeza sahani. "Zote. Wageni waone kwa macho yao. Lakini sitaruhusiwa kusema, unajua. Wewe mtazamaji watakuuliza. Lazima wakuulize."

"Watakuonea," nikasema.

"Wataniangusha, hiyo najua. Mimi nitarudi kwetu nikalime tangawizi. Hawa watoto watakwenda wapi? Darasa la nne kuna mtihani, Rajabu. Asiyefaulu ndiyo basi, mlango umefungwa. Na nchi nzima itapewa vitabu hivi. Sema tu ulichokiona."

"Nitasema."

Bi Tatu, aliyekuwa mlangoni na ungo wake, akanitazama. "Mwanangu," akasema, "sauti uliyosemea hiyo 'nitasema' haijafika hata hapa nilipo mie."

Siku yenyewe wageni walikaa kwenye viti vilivyoletwa kutoka nyumbani kwa Bwana Dakika. Salome aliinua kadi ya kwanza, neno tupu, kubwa, limeandikwa vizuri kwa mkono wake. Watoto wakanyamaza. Akainua ya pili. Akamwita Mwajuma kwa jina, kwa upole, na Mwajuma akasimama, midomo ikicheza, macho yakitafuta pembezoni mwa kadi kana kwamba picha imejificha mahali. Machozi yakaanza kumtoka. Hakuwa amezoea kukosa. Salome akashusha kadi, akamwambia aketi, na nikaona kwamba hilo hakuwa amelipigia hesabu, kwamba ushahidi wake ungekuwa na uso wa mtoto. Sauti yake haikurudi sawa tena mpaka mwisho wa kipindi.

Kwenye kikao wenzetu walitafuta mema matatu wakapata unadhifu, ubao safi na mavazi ya heshima. Kisha makosa: hakufuata mpango, hakutumia vifaa vilivyotolewa, aliwatisha watoto mbele ya wageni. Alisimama kando ya ubao mikono nyuma. Mmoja wa wageni ndipo akauliza kama kuna mtu aliyekuwa akilitazama darasa hili kila siku, na Bwana Dakika akasema yupo, tena mzuri sana. Nikasimama. Sikuwa mwoga kama Bi Tatu alivyodhani. Nilisema. Nilisema kwamba watoto hawasomi, wanataja picha, na kwamba ikiondolewa picha hawajui hata neno moja. Nilisema kwa sauti ya kusikika, na kwa nukta moja nikaona mabega ya Salome yakishuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hili ni jambo kubwa," Bwana Dakika akasema. Hakukasirika. Akafungua faili, akaanza kugeuza majedwali yangu moja baada ya jingine, akimwonyesha mgeni. "Hapa sawa, sawa, sawa. Mwezi uliofuata, sawa. Hii ni sahihi yako, Rajabu?"

"Ndiyo, Bwana."

"Na hii?"

"Ndiyo, Bwana. Lakini ile mistari—"

"Kadi mbovu," akasema Mwalimu Petro haraka, "ni mende, Bwana." Wageni wakatabasamu. Mtu akacheka.

"Basi niambie," Bwana Dakika akasema, na ninaapa alikuwa anataka kujua kweli, "uliandika uongo mwaka mzima, au unasema uongo leo?"

Nimekaa na swali hilo miaka zaidi ya hamsini na jibu lake sijalipata. Ningesema niliandika uongo, si kweli, kila S ilikuwa S. Ningesema sikuandika uongo, basi Salome ndiye mwongo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kilikuwa kwenye mwandiko wangu mzuri. "Niliandika kama nilivyoagizwa," nikasema hatimaye, na nikasikia mwenyewe jinsi lilivyo neno la karani. Mgeni akaandika kitu kwenye daftari lake, akalifunga. Watu wote wakamgeukia Salome. "Asanteni kwa kunikosoa," akasema, akatoka.

Aliondoka wiki ile kwa basi la kwenda kwao. Nilimbebea sanduku mpaka kituoni, na njia nzima nilijaribu kuomba radhi, naye akanikatiza. "Ulisema," akaniambia. "Nilikusikia." Laiti angenitukana. Kabla hajapanda akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Mwajuma. Huyo mmoja tu. Mfundishe silabi, hata Jumamosi." Nikakubali. Nilikwenda kweli Buguruni, mara mbili, nikakaa na mama yake uani, tukaanza ba be bi. Kabla sijaenda mara ya tatu Mwalimu Petro akaniita, akaniambia kwa upole mkubwa kwamba darasa lile litaendelea na jaribio mwaka wa pili, kwamba watoto wale wasiguswe, na kwamba Bwana ameniombea kazi ya kudumu Mabati kwa ajili ya mwandiko wangu. Sikwenda tena. Sina kisingizio. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na niliambiwa nisiende, nikaacha.

Vitabu vilitoka, vizuri, vya rangi, vikasambazwa. Nami nikawa mtu wa Mabati, nikawafundisha watazamaji wengine namna ya kujaza jedwali. Mwaka darasa lile lilipofika la nne nilitumwa kusimamia mtihani wao. Walikuwa wamebaki pungufu ya nusu. Wengine walikuwa wamepata walimu waliowafundisha silabi kwa kuiba, wengine walikuwa wameacha. Mwajuma alikuwepo, amekuwa mkubwa, amesuka nywele kwa ajili ya siku ile. Aliniamkia kwa furaha, "Shikamoo, Mwalimu," akaenda kukaa dawati la mbele. Nikagawa karatasi. Msimamizi aliruhusiwa kutaja jina la somo na muda, na kujibu kila swali kwa sentensi moja tu iliyoandikwa kwenye maagizo. Nusu saa ikapita. Karatasi yake ilikuwa na jina lake juu, limeandikwa vizuri sana, na chini yake peupe. Akainua mkono. Nikaenda, nikainama.

"Mwalimu," akaninong'oneza akiwa ameweka kidole kwenye mstari wa kwanza, "niambie hapa tu wanataka nini, mengine nitafanya mwenyewe."

Nikasimama wima. "Soma swali tena kwa makini," nikamwambia.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema, na akainama kwa utii juu ya karatasi.